Nipige Magoti Redioni au Nisipige?

Mama Stephania mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumamosi, maana saa kumi jioni ya Jumamosi ikifika ama nitapiga magoti ama nitapiga mayowe, na yote mawili yatasikika Kigoma nzima. Tafadhali usiandike jina langu. Andika "Binti wa Bangwe" kama yule mtangazaji wa redio anavyoniita, ingawa najua watu wakishasoma mistari mitatu tu watanijua, basi na wanijue, lakini si kwa jina. Majina ya wengine yaandike tu, wao ndio walioipenda redio.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, nakausha dagaa na kuuza pale mwaloni Kibirizi, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Tulivuka ziwa kutoka Baraka, Kongo, mwaka wa tisini na sita, mimi na mama, tukafikia Bangwe kwa mjomba Asumani ambaye alihamia huku zamani, mimi sijazaliwa. Miaka kumi sasa, Mama Stephania, nimeingia mtoto nimekuwa mkubwa, nina vichanja vinne vya waya vya kuanikia dagaa, vyangu mwenyewe, sijaazima kwa mtu, na nikisimama pale katikati yake asubuhi na kanga yangu kiunoni najiona kama mkuu wa mkoa.

Sasa sikiliza nilivyojiingiza. Utakuwa umesikia redio ya hapa mjini wana kipindi kinaitwa Mke Mwema Hewani, na kama hujasikia basi uko peke yako. Wanawake kumi na wawili wanashindana wiki nane katika ukumbi mmoja pale Mwanga, kila Jumamosi anatolewa mmoja au wawili, na mwanaume wa kushindaniwa ni mmoja tu, Bwana Telesphory, naye hashindani na mtu, kazi yake ni kukaa. Amewekewa kochi jekundu, anavaa suti na viatu vyeupe, anakunywa soda, na kila mwanamke akimaliza kuhangaika yeye anasogezewa kipaza sauti anasema, "Mmm, nimependa." Basi. Wiki saba. Mmm, nimependa.

Mimi nilijiandikisha kwa utani kabisa. Wenzangu wa mwaloni walisema, wewe na mdomo wako huo hutamaliza hata wiki ya kwanza, nikasema mtaona, nikaenda. Wiki ya kwanza ilikuwa kusonga ugali wa muhogo wa watu kumi, jukwaani, na mtangazaji Leonardi anatangaza kama mpira, "Anageuza! Anageuza! Mwiko umezama! Jamani jasho hilo, jasho la mke!" na ukumbi unapiga makofi, na mimi Mama Stephania nisikudanganye, nilisikia raha mpaka kwenye unyayo. Nilisonga ugali ule kama naupiga. Nikawa wa kwanza.

Wiki ya pili ikawa salamu, kupiga magoti kumpokea mume anayetoka kazini, na kwa kuwa ni redio na watu nyumbani hawaoni, Leonardi aliweka kipaza sauti chini kwenye sakafu ili magoti yasikike yanavyotua. Ndiyo, magoti. Kurwa, binti wa Ujiji ambaye nitakueleza habari zake, alitua taratibu kama mtu anayeweka mayai, akapata saba. Mimi nikatua pwaa! Mjomba anasema redio yake ilitikisika mezani. Nikapata kumi kwa majaji wote watatu, wanaume watupu, hata kwa Mzee Nikodemu ambaye husinzia tangu wimbo wa kufungulia.

Halafu wiki ya nne, raundi ya kunyamaza. Mke asiyejibu. Dakika tano Leonardi anakutukania mboga yako na wewe kimya, tena baada ya hapo dakika tano nyingine kimya chako peke yako, hewani, kitupu, ili wasikilizaji wakionje. Kigoma nzima wakadhani redio zao zimekufa. Watu waligonga redio, watu walibadilisha betri, mjomba Asumani alitoa za kwake akazianika juani juu ya bati, na aliporudi kuzirudisha nilikuwa nimeshashinda, hakusikia hata. Mpaka leo ananidai kile kimya.

Nakiri mbele yako, Mama Stephania, nilidanganya pia. Waliponiuliza naamka saa ngapi nikasema saa kumi alfajiri ili nimchemshie mjomba maji ya kuoga. Mjomba anaoga ziwani tangu nimjue. Nikasema mwanaume hakosei, anachoka tu. Ukumbi ulilia kwa furaha. Na dada Merina alipotolewa kwa sababu alisema yeye mume atajitekea maji akiwa na mikono, mimi nilicheka pamoja na wengine, nilicheka sana, kisha nikarudi nyumbani sikulala vizuri. Ndivyo nilivyokuwa. Nikisikia watu njiani wanaita "Binti wa Bangwe, kura yangu unayo!" moyo unaruka ruka, na ukweli mbaya ni huu hapa, zawadi siitaki lakini kushinda nakutaka.

Sasa Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya Bwana Telesphory kujieleza, wiki ya saba, tumebaki wawili, mimi na Kurwa. Akasimama, mara ya kwanza nimemwona wima, akasema yeye ana mitumbwi mitatu ya dagaa pale Kibirizi yenye taa za karabai, na harusi itakuwa tarehe ishirini na nne, wavuvi wake wote watakuja kula pilau. Mama Stephania, mimi sikukusudia, mdomo ulikwenda wenyewe. Tarehe ishirini na nne ni giza! Hata mtoto wa mwaloni anajua dagaa wanafuata taa, mbalamwezi ikiwa kali taa haifui dafu, kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi inapumzika juu ya mchanga, na hapo ndipo tunapofunga ndoa, tunaposhona nyavu, tunapopika pilau. Giza likiingia kila mtu yuko ziwani, hakuna mwenye akili anayeweka harusi kwenye giza, hata mchungaji atakosa wa kuimba. Basi nikasema kwa adabu kabisa, "Kaka Telesphory, tarehe hiyo ni giza, hao wavuvi utawatoa ziwani saa ngapi?"

Angesema nimekosea tarehe, yangeisha. Lakini akavuta suti akasema, "Mitumbwi yangu mimi inaingia ziwani kila siku ya Mungu, mwezi uwepo usiwepo, na inarudi imejaa!"

Mzee Nikodemu akafumbua macho. Kisha nyuma kule mtu akaanza kucheka, na mwingine, na nimeambiwa kule Kibirizi wanawake waliokuwa wanasikiliza waliacha dagaa, wakalala mchangani wakishika mbavu. Na mimi badala ya kukoma, ee Mama, nikauliza tena, "Basi hao dagaa wako kwenye mbalamwezi wanafuata taa gani?" Yakawa makelele mpaka Leonardi akaweka wimbo.

Jumatatu Leonardi akaja nyumbani kwa mjomba pamoja na Bwana Wilfred mwenye duka la magodoro, ambaye ndiye mdhamini na ndiye jaji mkuu. Wakasema nimemshusha mwanaume mbele ya watu. Wakasema fainali Jumamosi hii kabla ya kitu chochote nipige magoti mbele ya kochi, Leonardi atahesabu hewani mpaka sekunde sitini, na nisome karatasi hii, nimeinakili kwa ajili yako: "Nisamehe bwana wangu, nilisema nisichokijua, mwanamke ana mdomo tu." Nikifanya hivyo nimeshinda, kura tayari ni zangu. Nisipofanya nitatolewa, na Leonardi atatangaza kwa sauti yake kwamba Binti wa Bangwe hafai kuolewa, ukanda wote wa ziwa usikie.

Nisichokijua! Dagaa!

Jumanne Telesphory mwenyewe akaja mwaloni. Alisimama mchangani na vile viatu vyeupe, mawimbi yanamfuata anarudi nyuma, anasogea, anarudi nyuma. Akasema polepole, "Ungeninong'oneza tu." Nikamwambia kaka, kipaza sauti kilikuwa puani kwangu, ningenong'onea wapi? Akacheka kidogo. Kumbe hana mitumbwi, ana karabai mbili anazokodisha kwa wavuvi, na ziwani hajawahi kuingia kwa sababu hajui kuogelea. Nilimwonea huruma, nakuambia kweli, nilikaribia kusema basi yaishe. Ndipo akasema, "Piga tu magoti, na ukishaingia kwangu haya ya mwaloni yataisha, mke wangu hawezi kunuka dagaa." Akaangalia vichanja vyangu kama mtu anayeangalia kuni za kuchoma.

Mama analia kila siku. Unajua sasa meli inachukua watu kuwarudisha Kongo, na majirani wawili wameshakwenda. Mama anasema nikiolewa na mtu wa hapa mwenye jina hapa hakuna wa kunigusa, nisipoolewa siku moja tutaambiwa pandeni. "Mutoto wangu, ni dakika moja tu," anasema, "magoti hayavunjiki. Mimi nimepiga mara ngapi?" Na mimi sijui kama ni kweli au ni woga wake.

Na Kurwa. Jana alinifuata akanishika mkono akasema, "Wewe ukipiga magoti ya dakika moja, mimi Jumamosi nitadaiwa ya dakika tano. Tusipige wote." Maneno mazuri, lakini nikafikiri, je, kama ni mbinu, mimi nisimame nitolewe yeye apige ashinde? Maana yeye anampenda yule mwanaume. Nilimwambia habari za karabai mbili nikidhani atashtuka, akasema, "Nampenda hivyo hivyo na karabai zake mbili."

Basi nifanyeje, Mama Stephania? Nikisimama nimepoteza ushindi, nimemwua mama kwa hofu, pengine napandishwa meli. Nikipiga nimepata mume mwenye kochi, nimepoteza vichanja, na kila nikifika mwaloni watu watasema huyo ndiye aliyesema hajui dagaa. Barua hii naisukuma mwenyewe chini ya mlango wa ofisi yenu leo Jumatano. Nijibu kwenye gazeti la kesho, nakuomba, nacheka huku nalia.

Mimi,
Binti wa Bangwe

MAMA STEPHANIA ANAJIBU

Binti wa Bangwe, marahaba. Jina lako sitalitaja, ingawa mpiga chapa wetu aliposoma neno "pwaa" alilitaja kabla yangu.

Kwanza nikugombeze, halafu nikufariji, maana nikianza na kukufariji nitasahau kukugombeza. Wewe ni mwongo mwenye kipaji. Maji ya mjomba! Mwanaume hakosei, anachoka tu! Ulikuwa unauza maneno hayo kila Jumamosi, na watu wakanunua, na kila ulipouza, wasichana waliokuwa jikoni wakisikiliza waliambiwa na mama zao, unaona? Unamsikia mwenzio? Ukamcheka Merina kwa kusema jambo ambalo wewe mwenyewe unaliamini. Ulikosa usingizi ule kwa haki kabisa. Kabla ya Jumamosi nenda kwa Merina, mwambie umekosea. Huko ndiko kwenye msamaha unaodaiwa, na huko hakuna atakayekuhesabia sekunde.

Sasa na mimi nikiri, isije ikaonekana mmoja wetu ni msafi. Nilikipenda kipindi hicho. Nilikupigia kura mara nne, mbili kwa simu yangu na mbili kwa simu ya mume wangu akiwa amelala mchana. Ile raundi ya kunyamaza nilipigapiga redio yangu kwa ndara. Na mpaka niliposoma barua yako sikuwahi kujiuliza yule mwanaume wa kwenye kochi yeye amepimwa kwa kitu gani. Wiki saba wanawake kumi na wawili wamepikishwa, wameinamishwa, wametukanwa, wamenyamazishwa. Yeye aliulizwa swali moja, tena kuhusu kazi anayosema ni yake, akaanguka. Na anayetakiwa kuomba radhi ni aliyeuliza. Jamani, hata mimi mwenye safu ya ushauri miaka tisa nilihitaji muuza dagaa aniandikie ndipo nilione.

Hukukosea, binti. Ulisema jambo unalolijua kwa mikono yako. Mbalamwezi ni mbalamwezi hata mbele ya kochi jekundu.

Nakusikia unasema, lakini Mama, kwani kupiga magoti ni kosa? Si kosa. Mimi ni Mha wa Kasulu, nimepiga magoti na kupiga makofi ya salamu mbele ya bibi yangu mpaka nilipoolewa, na sasa napigiwa na wajukuu wa dada yangu. Lakini salamu ya kwetu ina watu wawili. Mdogo anashuka, mkubwa anaitika, naye anapiga makofi yake, anakuuliza habari za nyumbani, mnasimama wote mmefurahi. Umewahi kusikia wapi bibi anahesabu sekunde? Hiyo waliyokuandikia Bwana Wilfred na mwenzake ni adhabu, wameivika nguo ya salamu. Mila zetu wasizitumie kuuzia magodoro.

Tuje kwa mama yako, maana hapo ndipo moyo wako ulipo na sitapita haraka. Mama, kama unasomewa hili, pole. Hofu yako naijua, mji huu umejaa watu wanaoijua. Lakini mume si karatasi ya kukaa nchini. Mume anaweza kukasirika asubuhi, na mtu anayekasirika kwa swali la dagaa atakasirika kwa chumvi pia. Ninyi wawili kesho Ijumaa asubuhi, kabla hamjanywa hata chai, nendeni ofisi inayoshughulikia mambo ya wakimbizi, msimame kwenye mstari, muulize wenyewe nani anaandikishwa kwenye meli na kwa utaratibu gani. Nilivyosikia mimi wanaoandikishwa ni wanaotaka kwenda. Lakini msinishike kwa nilivyosikia, mkashike kwa mtakavyoambiwa pale dirishani, na muombe maandishi. Ulizeni pia mtu mwenye miaka kumi hapa na kazi yake anaomba nini, wapi, kwa nani. Mambo hayo yana njia yake, na njia hiyo haipiti kwenye kochi.

Na wewe binti, hapa nakugombeza tena. Umeandika kurasa nne. Umenieleza mama anaogopa nini, analia mara ngapi, anasema nini. Hukuandika mahali popote kwamba umemwuliza yeye anataka nini. Pengine anataka kubaki Bangwe. Pengine kila meli ikipiga honi anaikumbuka Baraka na anaogopa kukuambia kwa sababu wewe una vichanja. Mwulize leo. Kaeni chini, mwulize, na ukishauliza nyamaza, maana kunyamaza unakuweza, uliishinda raundi yake.

Kurwa. Unaogopa ni mbinu. Haya, tuseme ni mbinu. Wewe umesimama, yeye amepiga magoti, ameshinda, amepata nini? Amepata Telesphory! Wewe umepoteza nini hapo, hebu nieleze polepole mimi ni mtu mzima. Lakini mimi naona si mbinu. Mtu mwenye hila hasemi anampenda mwanaume na karabai zake mbili. Huyo ndiye mtu pekee katika kipindi kizima aliyesema ukweli bila kuulizwa. Mfuate leo, shikaneni mikono mbele ya Merina awe shahidi, Jumamosi mwingie ukumbini pamoja, na kama anamtaka yule bwana amchukue kwa njia za kawaida, wakiwa wamesimama wote wawili.

Sasa nageuka kidogo, maana najua gazeti hili linafungiwa mandazi karibu na ofisi za redio ile. Bwana Telesphory, karabai mbili si aibu. Watu wameoa na moja. Aibu ni kumfanya mwenzio alipe kwa sababu wewe ulisema una mitumbwi mitatu. Na yule mwanamke alikuonea huruma pale mchangani, ulikuwa umebakiza sentensi moja tu, ukaiharibu kwa kusema atanuka. Dagaa hao ndio waliolipia suti yako, kwa sababu wanaokodi taa zako wanakulipa kwa dagaa walioanikwa na wanawake kama yeye. Una kesho nzima ya kufikiri. Ukitaka kuonekana mwanaume Jumamosi, inuka kwenye kochi kabla ya kuambiwa, sema nilidanganya. Utashangaa watakavyokupigia makofi. Na kuna binti wa Ujiji atapiga kuliko wote.

Bwana Wilfred na Leonardi, ninyi nina neno moja nanyi, wekeni mwanamke kwenye meza ya majaji, hata mmoja. Mzee Nikodemu atapata mtu wa kumwamsha.

Haya, Binti wa Bangwe, Jumamosi. Nenda. Usikae nyumbani ukajifanya mgonjwa, wataitumia. Vaa ile nguo ambayo ukiivaa unatembea vizuri. Karatasi yao waachie mlangoni. Ukifika mbele ya kochi msalimie kama unavyomsalimia kaka yeyote, shingo juu, mikono yako mwenyewe ikae unapotaka. Leonardi atakuambia shuka. Usibishane naye, usimcheke, na nakuombea Mungu usitoe utani, najua utakuwa unakuwasha. Simama tu. Kipaza sauti atakiweka chini, kama kawaida yake, akisubiri magoti. Na zipite sekunde zake sitini, Kigoma nzima wagonge redio zao, wabadilishe betri, mpaka waelewe kwamba kile wanachosikia ni mtu aliyesimama.

Utatolewa. Sikufichi. Leonardi atasema hufai kuolewa, na atasema kwa sauti nzuri, ndiyo kazi yake. Itauma siku mbili, pengine tatu, hasa wewe unayependa kushinda. Lia mwaloni, wenzako wapo. Lakini vichanja ni vyako, swali lilikuwa lako, na hakuna mtu wa ziwa hili ambaye ataweza kusema kwamba ulikiri hujui kazi yako.

Kabla ya kukutoa watakupa nafasi ya mwisho, huwa wanatoa, wanapenda machozi. Leonardi atakuinulia kipaza sauti mpaka mdomoni akuulize kama unajuta kumwuliza Bwana Telesphory lile swali. Jibu, "Hapana." Usieleze, usiongeze kitu, mrudishie kipaza sauti chake.